Chungu cha Wifi

Bohol, 9 Agosti 1981

Mdogo wangu Densyo,

Natumaini barua hii inakukuta mzima huko msituni Agusan, na kwamba miti mnayoiangusha bado inaangukia upande mnaoutaka. Sisi huku hatujambo. Nguruwe amezaa. Paa la kanisa limevuja tena, na padri ametutangazia mchango kwa sauti ya mtu aliyekosewa. Bebing wa duka la mikate anakusalimu na anauliza kama ni kweli huko mnakula nyoka.

Kwenye kibanda cha chumvi mambo si mazuri. Makumbi ya nazi niliyoloweka baharini tangu mwaka jana nimeyatoa, nikayakausha, nikayachoma. Majivu yalitoka vizuri na maji ya chumvi yakachujika mazito kama nilivyotaka. Nilipoyatia vyunguni na kukoleza moto, vyungu vikaanza kupasuka. Ungesema ni kimoja, ningenyamaza. Karibu safu nzima ilialika mbele ya macho yangu, maji yote yakaingia motoni. Nimekaa mbele ya moto ule tangu sijaota matiti, na mama alikaa kabla yangu. Chungu kikipasuka huwa najua kwa nini. Safari hii sijui, au tuseme najua na sipendi ninachokijua.

Nije kwa mke wako. Sitaki uone kama namsema. Osang ni mpole, anaamka mapema, hajanijibu vibaya hata siku moja tangu uniachie hapa baada ya harusi. Lakini ana chungu chake kidogo cha pembeni. Ananipikia mimi, halafu anajipikia yeye, na chake hatii chumvi hata punje. Nilionja alipokwenda kisimani. Densyo, nyumba hii inakula kwa chumvi. Watu wanavuka kutoka Cebu kuja kuninunua chumvi yangu, halafu mke wa ndugu yangu anaikwepa jikoni kwangu. Wewe unajua, na mimi najua, wanaopikiwa bila chumvi ni wale wasio kama sisi, wasioonekana.

Sikuulizi mengi. Nijibu hili tu: mkeo hali chumvi kwa nini?

Dada yako,
Pilang


Kambini, Agusan, 6 Septemba 1981

Manang Pilang, dada yangu mkubwa,

Shikamoo nyingi kutoka kwa mdogo wako. Barua yako ilikaa mjini mpaka lori la mafuta lilipopanda huku, ndiyo maana nachelewa. Mwambie Bebing nyoka hatuli, ila mpishi wetu anapika samaki wakavu kwa namna ambayo nyoka angekuwa nafuu. Mimi mzima. Kidole kile kimepona, kimepinda kidogo tu. Mvua zimeanza na barabara imekuwa uji.

Nguruwe hongera. Niwekee mmoja.

Pole kwa vyungu. Najua jinsi unavyovipenda, nadhani kuliko ulivyotupenda sisi wadogo zako. Lakini niambie, vimetoka kwa nani? Ni vya mzee Kulas, au umenunua kwingine? Mwaka ule mama alipogombana na Kulas akanunua kwingine, unakumbuka ilikuwaje.

Kuhusu Osang, Manang, kwao Siquijor watu wana mapishi yao. Kwa sababu tu ametoka kisiwa kile, basi akipiga chafya ni uchawi, akinyamaza ni uchawi, asipokula chumvi ndiyo kabisa. Huku kambini kila wakisikia mke wangu ametoka wapi wananiuliza kama nimekagua chini ya godoro. Nimezoea kuyasikia kwa wageni. Kwako sijazoea.

Sikatai kwamba wapo. Hata mimi, kabla sijawasha msumeno kwenye mti mkubwa, nagonga shina na kusema hodi, wakubwa, tupisheni kidogo, tumetumwa na tajiri. Asiyebisha hodi huku haajiriwi. Lakini kutoka hapo mpaka kwa msichana anayekula mahindi yake bila chumvi ni mbali. Wewe Manang umezoea kutia chumvi katika kila jambo, si vyunguni tu.

Mtunze. Ndiyo hilo ninaloomba.

Densyo


Bohol, 27 Septemba 1981

Mdogo wangu,

Tunashukuru uko salama. Huku tuko kwenye maandalizi ya sikukuu ya Malaika Mikaeli. Bebing amekata nywele fupi na hakuna aliyethubutu kumwambia ukweli. Mvua imenyesha vizuri, viazi vikuu vimejaa.

Nimesoma barua yako mara mbili nikitafuta jibu. Umeniandikia habari za godoro na habari za msumeno. Nilichouliza hukukigusa.

Basi ngoja nikuongezee. Juzi tulikuwa tunachimba viazi vikuu, Osang akaangusha kimoja. Kikagonga jiwe. Nikangoja. Hapa hata mtoto anayetambaa anajua kiazi kikuu kikianguka kinaokotwa na kubusiwa, kinaombwa radhi, kwa sababu ndicho kilichowafufua wazee wetu wakati wa njaa. Yeye alikiokota akakitupa kapuni kama jiwe. Nikamwambia, "Kibusu." Akanitazama, akakibusu, akasema, "Samahani Manang, kwetu hatufanyi." Sawa, kwao hawafanyi. Kwao wanafanya yapi?

La pili. Asubuhi anaamka uso umevimba, macho yamefumba kama mtu aliyelia usiku kucha. Ikifika jioni uso umeshuka, miguu ndiyo imejaa. Nilimbonyeza kifundoni kwa kidole nikijifanya namtoa tope, shimo likabaki. Ndani mna maji, Densyo. Asubuhi yako juu, jioni yako chini. Kitu gani kinatembea ndani ya mtu namna hiyo kama si wale wa maji, wanaoingia na kutoka watakavyo?

La tatu, na hili nimeliona kwa macho yangu. Anachukua kidogo kutoka kwenye kile chungu chake, anakifunga kwenye jani la mgomba, anakwenda nacho kwenye kichuguu nyuma ya kisima. Anachutama. Anasema maneno. Anarudi bila jani.

Unajua kama ninavyojua. Wa ardhini wanakaa kwenye vichuguu, wa maji kwenye chemchemi, wa upepo mitini, wa moto ndio wagumu zaidi kwa sababu hawana kwao, wanakaa popote unapowawashia. Wenyewe hawana kosa. Wako tu, na wakikanyagwa wanakasirika, kama mtu yeyote. Kosa ni la anayewalisha. Ukiwapikia bila chumvi mara kwa mara wanakuzoea. Wakikuzoea wanakutumikia. Na mtu hafugi watumishi wa namna hiyo ili wamfagilie uwanja. Wa moto ameshanipasulia vyungu. Wa maji anamwingia na kumtoka. Nangoja nione wa ardhini amepewa kazi gani.

Nakula kwa mkono wake kila siku. Sijui kama unalifikiria hilo.

Pilang


Kambini, 25 Oktoba 1981

Manang,

Habari za sikukuu? Natumaini Malaika Mikaeli aliona nywele za Bebing na akamsamehe. Huku mwenzetu mmoja aliangukiwa na tawi, yuko hai, ila hasemi sawasawa. Tumemchinjia kuku mweupe pale kwenye kisiki, bila chumvi, kama unavyojua. Msimamizi wetu, ambaye Jumapili anaimba kanisani, ndiye aliyemshika kuku miguu.

Nakuandikia hilo makusudi. Iyo Tasyo wa kilimani naye akiganga watu anawapikia hao hao, chakula hicho hicho. Mama alipopooza mkono si alitupikisha kuku bila chumvi, wewe mwenyewe ukapeleka kwenye chemchemi? Akiwalisha Iyo Tasyo ni dawa. Akiwalisha Osang ni uchawi. Nifafanulie tofauti, maana huku msituni akili zetu zimeota ukungu.

Bado hujaniambia vyungu vimetoka kwa nani.

Osang ameniandikia. Anasema unampa kichwa cha samaki na kwamba hujawahi kumpandishia sauti. Hakuandika neno baya hata moja juu yako. Nataka ulijue hilo, kwa sababu barua zenu huwa zinafika pamoja, na nikizisoma naona kama zimetoka nyumba mbili tofauti.

Manang, mwache ale anavyokula. Kuna mambo ya mke na mume ambayo mtu haandiki kwenye karatasi itakayopita mikononi mwa Bebing, anayepokea barua za kijiji kizima dukani kwake. Na kuna maneno uliniambia kabla ya harusi, pale kwenye ngazi, ambayo sijayasahau na hayanirahisishii kazi. Mkataba wangu unaisha Januari. Nikishuka nitamchukua nimpeleke Cebu, tutakuwa tumekutua mzigo. Nivumilie mpaka hapo.

Densyo


Bohol, 22 Novemba 1981

Mdogo wangu,

Siku ya marehemu tulifagia kaburi la mama na la mume wangu, tukawasha mishumaa, upepo ukaizima yote isipokuwa wa mama, kama kawaida yake. Nguruwe wako ananenepa. Bebing anasema umekaa msituni mpaka umekuwa mjanja wa maneno, na mimi nakubaliana naye.

Cebu kuna nini? Kwa nini umfiche Cebu? Mtu akisema anamhamisha mke wake usiku wa giza, sawa, lakini wewe unamhamisha mchana na bado hutaki kusema sababu. Kila nikikuuliza unanirudishia vyungu. Vyungu ni vyungu tu, usinipotezee njia.

Umeuliza tofauti ya Iyo Tasyo na mkeo. Iyo Tasyo anawalisha hadharani, kwa ajili ya mgonjwa anayejulikana, akimaliza anawaaga. Mkeo anawalisha kwa kificho na hawaagi. Hiyo ndiyo tofauti, na ukungu ukikutoka utaiona.

Nimekwenda kwake. Nilimpelekea chumvi ya chungu kizima, kile cha mwisho kilichobaki salama, akayeyusha nta ya mshumaa akaimimina kwenye bakuli la maji. Nta ikaganda. Nikaona mwenyewe, bila kuambiwa: mwanamke, tumbo kubwa, na kitu kama mkono umemshika kiunoni kwa nyuma.

"Umemwona?" akaniuliza.

"Nimemwona. Ni wifi yangu."

"Wamemshika hapa," akasema, akanigusa kiunoni pande zote mbili. "Wamefanya nyumba. Anawalisha na wao wanamkalia."

"Watatoka?"

"Wao wanakimbia nini, Pilang? Wewe wa kuniuliza mimi? Umelala juu ya dawa miaka yote."

Basi uliniambia natia chumvi. Ndiyo, nimetia. Tangu siku ile, kila Osang akienda kisimani nafunua chungu chake na kutia. Nilianza na kidogo, ya kuonjesha tu. Iyo Tasyo alisema niende polepole, wasishtuke wote pamoja wakamuumiza mwenye mwili, halafu niongeze mpaka mwezi ufe. Nasaga laini, inayeyuka bila kuonekana. Chakula nakipakua mimi mwenyewe na kumsogezea sahani, nakaa mbele yake mpaka amalize.

Inafanya kazi. Wanahangaika ndani yake. Amevimba mpaka pete yako haitoki. Anatapika asubuhi. Usiku anahema kwa nguvu hata mimi chumba cha pili namsikia. Iyo Tasyo alinionya kwamba kabla ya kutoka watafanya hivyo. Sikuandikii ili uogope. Nakuandikia ujue kwamba dada yako hajakaa bure, na kwamba ukishuka Januari utamkuta mkeo akiwa peke yake mwilini mwake. Simchukii, Densyo. Mtu asiyemtaka asingejisumbua.

Manang wako


SIMU YA MAANDISHI. BUTUAN, 14 DESEMBA 1981

MANANG ACHA CHUMVI MARA MOJA. MPE CHAKULA CHAKE KAMA ALIVYOPIKA. USIULIZE. DENSYO


Bohol, 18 Desemba 1981

Densyo, kama ni wewe,

Leo sikusalimu. Simu yako ilifikia dukani kwa Bebing, kama zote. Akaisoma, kisha akaja nayo mikononi kama anashika kaa la moto. Akanisomea mbele ya watu waliokuja kusali novena ya Krismasi. "Acha chumvi mara moja. Usiulize." Hakuna aliyecheka.

Ndugu yangu anashuka kutoka msituni mpaka Butuan kupiga simu, jambo ambalo hakulifanya hata mama alipokufa, na anapiga kuhusu nini? Chumvi. Hajauliza mgonjwa anaendeleaje. Hajasema anakuja. Anaomba chumvi iondolewe, na anakataza swali. Nani duniani anayeiogopa chumvi hivyo? Wao peke yao.

Nikamwonyesha Iyo Tasyo. Akasema, "Wamempata na yeye. Amekata miti yao mingi mno. Sasa wanazungumza kwa mkono wake."

Nililia, sitakuficha. Nimekulea tangu mama alipopooza mkono, nikakufundisha kupalia moto. Nikaona nikikutii nakupoteza wewe na nampoteza yeye. Nimeongeza. Sitii tena kwenye chungu chake tu, natia kwenye maji yake ya kunywa pia.

Jana Osang hakuinuka. Amelala amejaa kama kiriba, ngozi inang'aa. Nikamwambia, "Vumilia, wanatoka." Akasema, "Ndiyo, Manang." Hakuniuliza akina nani.

Kama bado ni wewe uliye ndani ya mwili huo, nijibu lile swali langu la Agosti. Mtu wa kweli angekuwa ameshalijibu.

Pilang


Butuan, 20 Desemba 1981

Manang,

Mto umefurika, daraja limekwenda, nilivuka kwa kamba na wengine hawakuvuka. Meli hazijatoka tangu nilipopiga ile simu, kwa sababu ya dhoruba. Nimekaa bandarini nikiandika kwenye karatasi ya kufungia mkate. Nampa baharia mmoja wa kwetu, amesema chombo chake kitapenya kabla ya vyote.

Osang ni mgonjwa wa figo. Alikuwa mgonjwa kabla sijamwoa. Daktari wa Cebu alimwambia asile chumvi kabisa, hata ya kuonja, kwa sababu figo zake haziwezi kuitoa, na ikibaki inavuta maji mpaka yamfike moyoni. Alisema kwake yeye chumvi ni sumu. Hayo ndiyo maji unayoyaona. Ndiyo jibu lako la Agosti.

Nilitaka kukuambia. Unakumbuka pale kwenye ngazi, siku nilipokuja kukueleza kwamba naoa? Ulikuwa unapepeta majivu. Ulisema, "Oa unayemtaka, lakini usiniletee mgonjwa. Nimemuuguza mama, nimemuuguza mume, mikono yangu imekufa kwa kuuguza. Wa tatu simpokei." Nami sikuwa na pengine pa kumwacha, na bila kazi hii hakuna Cebu wala daktari. Osang akasema, "Usimwambie. Nitajipikia mwenyewe kando, hatajua." Tukaapa. Tuliona ni jambo dogo la kuficha, chungu kimoja tu.

Uliponiandikia habari za kichuguu ningekuambia. Uliponiandikia habari za uvimbe ningekuambia. Nikawa naona aibu, na nikawa nakukasirikia, na nikawa nasema Januari iko karibu. Hata kwenye simu sikuweza, kwa sababu Bebing angeisoma, na kijiji kizima kingejua nimekuletea mgonjwa kwa hila. Nimemwonea haya Bebing, Manang, mke wangu akiwa anakunywa sumu.

Mpeleke hospitali. Usingoje mwezi wala mtu. Nakuja kwa chombo cha kwanza kitakachotoka.

Densyo


Bohol, 12 Januari 1982

Densyo,

Nasikia meli za Butuan ndiyo kwanza zinaanza kutoka; ukifika utakuta nyumba imefungwa na moto wa kibanda umezimwa. Usiogope. Nimeiacha barua hii kwa Bebing, na safari hii nimeibandika kwa uji wa muhogo pande zote nne, ukikuta imefunguliwa utajua. Tuko hospitali mjini, chumba cha mwisho upande wa bahari. Osang yu hai. Nimeliweka hilo mbele kwa sababu najua unasoma ukiwa umesimama mlangoni.

Barua yako ya karatasi ya mkate ilifika baada ya Krismasi, imelowa, yule baharia aliibeba kifuani. Niliisoma nikiwa na kijiko cha chumvi mkononi. Sitakusimulia zaidi ya hapo. Tulimbeba kwenye machela ya mianzi mpaka barabarani, mimi nikashika upande wa kichwa. Daktari hanihakikishii kitu. Maji yametoka mengi, uso wake umerudi kuwa uso, lakini anasema figo zimeumia kuliko mwanzo na tungoje. Nimemwambia yote niliyofanya. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Uliniuliza kuhusu vyungu mara mbili. Nilivinunua kwa mtu wa kupita, kwa sababu Kulas alisema chumvi yangu ya mwaka huu ni nyeusi, nikamnunia. Vilikuwa na mchanga mwingi, nilivigonga na nikasikia havilii vizuri, nikavinunua vivyo hivyo kwa hasira. Nilijua tangu kilipoalika cha kwanza. Hata hakukuwa na haja ya kumtafuta wa moto.

Iyo Tasyo amekuja kuniona. Anasema wale wasio kama sisi walimdanganya kwenye nta. Nikamwambia nta haikudanganya, iliwaonyesha wameshika kiunoni, pale pale zilipo figo. Sisi ndio tuliokwenda kuwafukuza kwa kitu kilichomuumiza yeye. Akaomba tembo la mnazi, na hospitali hakuna tembo.

Juzi jioni Osang alifumbua macho, akaniona nakanda miguu yake. Nikamwambia sijui nianzie wapi.

"Nilijua, Manang," akasema.

"Ulijua nini?"

"Kwamba ni chumvi. Nimekulia baharini kama wewe. Mtu hasahau ladha yake."

"Mbona ulikula?"

"Ulikuwa unakaa mbele yangu unaniangalia. Niliona unaniogopa. Nikasema nikila chumvi yake mbele yake, hataniogopa tena, nitaacha kidogo kidogo baadaye." Halafu akacheka, lakini kicheko hakikufika mbali. "Sikujua utakuwa unaongeza."

Nikamuuliza kuhusu kichuguu. Hakukataa. Alikuwa akiwapelekea wa ardhini na kuwaomba wamwachie figo zake mpaka wewe ushuke. Ndiyo maneno aliyokuwa akisema. Jana nilimtuma mtoto wa jirani kupeleka jani pale kichuguuni, kwa niaba yake, na sikuona haya. Nimeona haya ya mengine.

Yale niliyokuambia kwenye ngazi, niliyasema nikiwa nimechoka. Nilidhani umeyasahau kwa sababu mimi niliyasahau. Mikono hii haijafa. Namgeuza, namwosha, namlisha, na ikifika usiku inaniuma vizuri.

Napika nyuma ya hospitali, kwenye mafiga ya jamaa za wagonjwa. Napika chungu kimoja, cha sisi wawili, bila chumvi. Kimenishinda siku za kwanza, mahindi yalikaa mdomoni kama vumbi, lakini siwezi kumpa asichokula mwenzake. Bebing alikuja kututazama Jumapili. Akanikuta nimechutama motoni, akachovya kidole chunguni kama kawaida yake, akaonja.

"Pilang," akasema, "mbona haina chumvi?"

"Haina."

"Wewe? Wa kibanda cha chumvi? Unampikia nani chakula hiki?"

Nikamwambia nakipika cha wifi yangu, nami ninakila pamoja naye. Akanitazama kwa macho yale yale niliyokuwa nikimtazamia Osang, macho ya kutafuta. Akafuta kidole chake kwenye sketi, mara mbili tatu, akaondoka bila kuaga.

Kwa hiyo atakapokupa barua hii atakuwa na habari zangu za kukupa pia. Mwache azimalize. Halafu njoo, na njiani upitie kwa mzee Kulas uninunulie chungu kikubwa. Mwambie ni cha watu watatu.

Pilang